RAM Imejaa, Lakini Nafasi Ipo

Laptopu ya GB 8 imewashwa sasa hivi. Hakuna kilichofunguliwa isipokuwa Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kinachotumia kompyuta, na Task Manager yenyewe inasema asilimia 48 ya kumbukumbu, yaani RAM, inatumika. Inatumiwa na nani? Uliza kwenye kundi la WhatsApp na utapata majibu matano kabla chai haijapoa: ni virusi, ni hiyo Windows 11, fundi alikuwekea RAM feki, pakua programu ya kusafisha, ongeza RAM nyingine. Mnunuzi wa simu kule Luthuli Avenue, Nairobi, naye ana swali lake. Boksi limeandikwa GB 8, mipangilio ya simu inasema 4+4, na muuzaji anaapa kwamba ni kitu kilekile.

Maswali haya yameongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Wenye laptopu za ex-UK, mitumba ya Uingereza, wengi wakahamia Windows 11, na mashine ilipoanza kusuasua wakaanza kuchungulia nambari ambazo hawakuwahi kuzijali. Kisha mwishoni mwa mwaka huohuo bei ya RAM ikapanda duniani, maana watengenezaji wa chipu walikuwa wakielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Mwezi Desemba, Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya kuuzia wateja wa kawaida. Siku hizi kuongeza RAM si jambo la kufanya ukipita tu mjini. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, ni vyema kujua ile asilimia inahesabu nini hasa. Mara nyingi haihesabu unachodhani.

Kwanza, tunazungumzia kitu gani

Simu ikikwambia nafasi imejaa na haiwezi kupiga picha nyingine, hiyo si RAM. Hiyo ni hifadhi, mahali ambapo picha, video za WhatsApp na programu zenyewe hukaa hata simu ikizimwa. Ndiyo GB 64 au 128 unayotajiwa dukani. RAM ni ile ndogo, GB 3, 4 au 8, ambamo prosesa, chipu inayofanya hesabu zote, huweka kile inachoshughulikia wakati huu. Umeme ukikatika, kilichomo kimepotea. Mtaani zote mbili huitwa memori, na hapo ndipo watu wanapopotezana. Kufuta video hakuongezi RAM hata chembe, na kufunga programu hakupunguzi picha hata moja.

Msimamizi wa RAM ni mfumo endeshi, yaani Windows, Android, macOS au Linux. Programu haijichukulii kumbukumbu. Huomba, na mfumo hutoa. Hutoa kwa vipande vidogo vyenye ukubwa sawa vinavyoitwa kurasa. Kwenye kompyuta za Intel na AMD ukurasa wa kawaida ni baiti 4,096, kwa hiyo laptopu ya GB 8 ina kurasa 2,097,152 ambazo mfumo unapaswa kujua kila mmoja uko wapi na umeshika nini.

Na kurasa hizo hazifanani. Kuna ukurasa usio na kitu. Kuna ukurasa ulioshika kitu kisichopatikana pengine popote, kama barua unayoiandika na hujaihifadhi, au mchezo uliofikia katikati. Huo hauwezi kutupwa hivihivi. Halafu kuna ukurasa ulioshika nakala ya kitu ambacho asili yake iko salama kwenye diski: faili uliyofungua asubuhi, programu uliyoitumia ukaifunga, vipande vya mfumo wenyewe. Mfumo huacha nakala hizo kwenye RAM makusudi, kwa sababu kusoma kutoka RAM ni haraka mno kuliko kurudi kwenye diski. Hiyo ndiyo akiba, ileile unayoiona kwenye simu ya Kiswahili palipoandikwa "Futa akiba", ingawa ile ya simu hukaa kwenye hifadhi na hii ya leo iko ndani ya RAM.

Basi hali ni tatu, lakini watu wanataka majibu mawili tu: inatumika au haitumiki. Ule ukurasa wa tatu, wenye nakala, tuuweke upande gani?

Chukua matatu ya viti 14 iliyoegeshwa pale Odeon. Ukichungulia dirishani, kila kiti kina kitu. Lakini viti vinne kati ya hivyo vimekaliwa na mikoba na mifuko ya abiria walioketi kando. Wewe uliye nje utasema gari limejaa. Makanga anaita, "Wanne wa haraka!" Na hadanganyi, kwa sababu abiria akipanda, mfuko unapakatwa na kiti kinapatikana papo hapo. Kabla ya hapo, kuuondoa mfuko ili kiti kikae wazi hakumsaidii mtu yeyote. Akiba ndani ya RAM ni ile mifuko. Programu mpya ikifunguliwa, mfumo hutupa nakala na kumpa mgeni nafasi, bila kumuuliza mtu.

Mashine moja, majibu matatu

Kwenye Linux kuna amri fupi ya "free" inayoonyesha hesabu hii waziwazi kuliko mahali pengine. Tuseme laptopu yetu inaonyesha jumla GB 7.6, tupu GB 0.4, akiba GB 4.9, na mwishoni kabisa safu iitwayo "available", GB 4.8. Je, iliyotumika ni ngapi?

Inategemea umri wa hiyo amri. Matoleo ya kabla ya 2014 yalihesabu kila kisicho tupu kuwa kimetumika, akiba ikiwemo, kwa hiyo yangesema 7.2. Kizazi kizima cha waliohamia Linux kiliingiwa na hofu kwa ajili ya nambari hiyo. Matoleo yaliyofuata yakaiondoa akiba na yangesema 2.3. Ya karibuni zaidi huchukua jumla na kuondoa kinachopatikana, nayo yangesema 2.8. Mashine ni ileile, sekunde ni ileile, na hakuna aliyekosea. Kila toleo lina maana yake ya kutumika.

Angalia pia kwamba tupu na akiba zikijumlishwa ni 5.3, lakini safu ya mwisho inasema 4.8. Nusu gigabaiti imeenda wapi? Ni kwamba akiba yote haitupiki. Ndani yake huhesabiwa kumbukumbu ambayo programu kadhaa zinaitumia kwa pamoja na ambayo haina nakala kwenye diski, na pia mfumo huacha kiasi fulani cha dharura. Ndiyo maana wasimamizi wa Linux waliongeza hesabu ya "available" ndani ya kiini cha mfumo katika toleo la 3.14, mwaka 2014. Ni makadirio ya kiasi ambacho programu mpya zinaweza kupewa bila mfumo kuanza kuhangaika. Kati ya nambari zote zilizo kwenye skrini hiyo, ni hii ninayoitazama. Nyingine ni za wadadisi.

Windows ina neno hilohilo. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory, na chini ya grafu utaona "In use", "Available", "Committed" na "Cached". Hapo "Available" ni kurasa tupu pamoja na akiba inayoweza kutupwa mara moja. Kwa bahati nzuri asilimia ya Windows haihesabu akiba hiyo, hivyo hofu ya Linux ya zamani haipo hapa. Ilikuwepo: Windows Vista ilipotoka kwa umma mwaka 2007 ilikuja na SuperFetch, kazi ya kujaza RAM mapema kwa programu unazozipenda, na watu walipoona kumbukumbu tupu ikisomeka karibu na sifuri walidhani mashine imeoza. SuperFetch bado ipo, siku hizi inaitwa SysMain.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 48. Kama si akiba, ni nini? Ni Windows yenyewe kwanza: kiini chake, viendeshaji vya skrini na Wi-Fi, kinga ya virusi, utafutaji wa faili, na zile programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Karibu GB 3.8 kwa Windows 11 isiyofanya kitu si ajabu. Lakini kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi. Windows ikiwa na nafasi ya kutosha huziacha programu zishike kurasa nyingi kuliko zinazohitaji. Nafasi ikipungua, huanza kuzinyang'anya zile ambazo hazijaguswa kwa muda. Maana yake, hata "In use" hunyumbuka. Windows ileile, na programu zilezile, ikiwekwa kwenye mashine ya GB 16 itasema inatumia zaidi ya ilivyotumia kwenye GB 8, na mtu atakayelinganisha kompyuta mbili kwa nambari hizo atakata shauri lisilo sahihi.

Apple walilitatua hili kwa kubadilisha swali. Tangu OS X Mavericks, mfumo wa Mac wa mwaka 2013, Activity Monitor yake huonyesha grafu ya shinikizo la kumbukumbu: kijani, njano, nyekundu. Haikuulizi RAM imejaa kiasi gani. Inakuonyesha mfumo unahangaika kiasi gani. Sioni kwa nini wengine hawakuiga mapema. Linux ilipata kipimo cha namna hiyo mwaka 2018, kinachohesabu muda ambao programu zilisimama zikingoja kumbukumbu, na Android kuanzia toleo la 10 hukitumia kuamua programu ipi ifungwe. Wewe hukioni, lakini kinafanya kazi mfukoni mwako.

Kusafisha RAM ya simu

Hapo ndipo biashara ilipo. Programu ya kusafisha inakuonyesha duara jekundu, asilimia 83, unabonyeza, roketi inapaa, duara linageuka kijani, asilimia 51. Umefurahi. Simu imefanya nini?

Imefunga programu zilizokuwa zimelala. Android huziacha programu ulizotoka nazo ndani ya RAM zikiwa zimetulia, nyingi zikiwa hazifanyi lolote, ili ukirudi zifunguke palepale ulipoziacha. Nafasi ikihitajika, mfumo una kazi yake maalum ya kuzifunga, ukianza na zile zisizo na umuhimu kwako wakati huo. Kisafishaji kinafanya kazi hiyohiyo kabla ya wakati na bila kujua utakachofungua baadaye. Ukigusa WhatsApp tena, simu inaisoma upya kutoka kwenye hifadhi, prosesa inafanya kazi ambayo ilikuwa imeshafanyika, na betri inalipa. Nyingine hujiwasha zenyewe dakika ileile kwa sababu zina ujumbe wa kupokea. Na kisafishaji chenyewe kinakaa kwenye RAM saa zote, mara nyingi na matangazo juu.

Kuna wanaosema RAM iliyojaa hula betri zaidi. Hapana. RAM ya leo huhifadhi kila biti kama chaji ndogo ya umeme ndani ya chombo kinachovuja, muundo ambao Robert Dennard wa IBM alipewa hataza yake mwaka 1968. Kwa kuwa chaji inavuja, kumbukumbu yote hulazimika kulishwa umeme upya kila mara. Kiwango cha kawaida ni kila milisekunde 64. Mfumo hausubiri kuona kama ukurasa una kitu au hauna. GB 4 tupu na GB 4 zilizojaa hulishwa kwa namna moja.

Programu inayokula betri kwa nyuma ipo, bila shaka. Lakini hiyo hula kwa kuamsha prosesa na mtandao, na utaijua kwenye sehemu ya betri ya mipangilio, si kwenye duara la RAM.

Ile 4+4 ya dukani

Muuzaji anaposema simu ina GB 8 kwa maana ya 4+4, RAM halisi ni 4. Nne ya pili ni sehemu ya hifadhi ambayo mfumo umeruhusiwa kuitumia kama ghala la kurasa zisizoguswa sana. Wazo hili si utapeli kwa lenyewe, na wala si jipya. Kompyuta ya Atlas ya Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa Desemba 1962, ilihamisha kurasa kati ya kumbukumbu ya haraka na ya polepole namna hiyohiyo, na Windows hufanya hivyo kwa faili yake iitwayo pagefile. Tatizo ni kasi. Hifadhi ya simu ya bei nafuu husoma megabaiti mia chache kwa sekunde. RAM ya simu hiyohiyo husoma gigabaiti kadhaa. Ukurasa ukiwa kule ghalani, simu inasubiri.

Kwa hiyo 4+4 inaweza kusaidia programu chache zaidi zisifungwe ukiwa umezipa kisogo. Haiwezi kuifanya simu iende kama ya GB 8. Pia kila kurasa zinapoandikwa kwenye hifadhi, hifadhi inachakaa kidogo, na nafasi ya picha inapungua kwa kiasi ulichokitoa. Mimi ningekuwa na simu ya 4+4 yenye hifadhi ndogo, ningeizima hiyo nyongeza na kurudisha nafasi yangu.

Simu nyingi za Android zina njia ya katikati iliyo bora. Badala ya kupeleka kurasa kwenye hifadhi, mfumo huzibana na kuziweka kwenye RAM hiyohiyo zikiwa ndogo. Windows nayo hubana tangu Windows 10, na Mac tangu ile Mavericks. Prosesa hufanya kazi kidogo ya kubana na kubanua, lakini hiyo bado ni haraka kuliko kungoja diski. Ukiona Task Manager imeandika GB 3.8 na pembeni kidogo "Compressed" yenye megabaiti mia kadhaa, ndiyo hiyo.

Kwa nini ukijumlisha hesabu haikubali

Mwenye subira huchukua kalamu, akajumlisha kumbukumbu ya kila programu kwenye orodha, na kupata jumla isiyolingana na ile ya juu. Anashuku kuna kitu kimefichwa.

Kuna kilichofichwa kweli, lakini si virusi. Programu hutumia vipande vya msimbo kwa pamoja. Tuseme kipande cha MB 30 kinatumiwa na programu 10. Kwenye RAM kipo mara moja tu, MB 30. Lakini "top", amri ya Linux inayoorodhesha programu, kwenye safu ya RES, humwandikia kila mmoja MB 30 nzima, na ukijumlisha unapata 300. Task Manager ya Windows hufanya kinyume: kwenye orodha yake ya kawaida haimwandikii mtu yeyote kile cha kushirikiana, huandika tu kilicho cha programu peke yake, na kiini cha mfumo hakimo. Ukijumlisha unapata pungufu. Android, ambayo programu zake zote huzaliwa kutoka kwa mzazi mmoja aitwaye Zygote na kurithi kurasa zake nyingi, hugawanya: MB 30 kwa programu 10, kila mmoja anabeba 3. Hiyo ndiyo hesabu pekee kati ya hizi inayokubali kujumlishwa.

Safu ya VIRT kwenye "top" inatisha zaidi. Chrome inaweza kuonekana imechukua zaidi ya terabaiti 1 kwenye laptopu ya GB 8. Hakuna haja ya kuizima. VIRT si kumbukumbu bali ni anwani, orodha ya nambari ambazo programu imejitengea endapo itazihitaji. Mfumo huweka ukurasa halisi nyuma ya anwani pale tu programu inapoigusa, na nyingi ya anwani hizo haziguswi maisha yake yote.

Windows haiko huru hivyo na ahadi. Ile "Committed" huonyesha nambari mbili, kwa mfano 9.1/12.4 GB. Ya kwanza ni kumbukumbu ambayo Windows imeahidi kuitoa ikidaiwa, ya pili ni uwezo wake wa kuahidi, yaani RAM pamoja na pagefile. Zikikaribiana, programu zitaanza kukataliwa na hata kuzimika huku "Available" ikionyesha bado ipo. Aliyezima pagefile kwa ushauri wa video fulani mtandaoni ajue alichokipunguza ni hiyo nambari ya pili.

Fundi hajakuibia

Umerudishiwa laptopu kutoka kwa fundi, umefungua mipangilio, na inasema 8.00 GB, kisha pembeni yake 7.88 GB usable. Iko wapi nyingine?

Imetengwa na vifaa vyenyewe kabla Windows haijaamka. Laptopu nyingi hazina kadi ya picha ya pekee, kwa hiyo chipu ya picha hukatiwa sehemu ya RAM, na programu ya ubao mama, ile bodi kuu ya kompyuta, nayo hukaa na kiasi chake. Kwenye baadhi ya mashine za AMD sehemu hiyo hufika GB 2, ukaona 8 imekuwa karibu 6, na bado hakuna aliyechukua kitu. Ukiwa na Windows ya biti 32 kwenye mashine ya zamani yenye GB 4, utaona kama 3 na kitu hivi, kwa kuwa anwani za biti 32 zinaishia GB 4 na vifaa vinagombania humohumo.

Vipande vya RAM huuzwa kwa GB 4, 8, 16. Mtu hawezi kumega GB 0.12 na kuiweka mfukoni. Aking'oa kimoja, ile nambari ya kwanza ndiyo itakayobadilika, 8.00 iwe 4.00. Hiyo ndiyo ya kuandika kwenye karatasi, au kuipiga picha, kabla hujamwachia mtu mashine.

Upungufu wa kweli unavyojionyesha

RAM ikiwa haitoshi kweli, hutahitaji asilimia kujua. Unajaza fomu mtandaoni kwenye simu, unaombwa nambari ya siri iliyotumwa kwa SMS, unatoka kwenda kuisoma, unarudi, na fomu imeanza upya ikiwa tupu. Tovuti haina kosa hapo: simu ilifunga kivinjari ili kupata nafasi. Ikitokea hivyo mara moja kwa wiki, vumilia. Ikitokea kila siku kwa programu mbili tu, simu hiyo imezidiwa.

Kwenye kompyuta, dalili ni diski. Unahama kutoka Word kwenda Chrome, skrini inaganda, na taa ya diski inawaka bila kupumzika. Mfumo unatoa kurasa za huyu ili kumpa yule, kisha unazirudisha. Task Manager wakati huo itaonyesha "Available" ya megabaiti mia chache tu na diski ikiwa karibu na asilimia 100. Kwenye Linux, andika "vmstat 1" na utazame safu za "si" na "so", zinazohesabu kurasa zinazorudi kutoka diski na zinazopelekwa huko. Zikikaa sifuri, RAM inatosha hata kama "free" inasema imebaki kidogo. Zikiwa na nambari kubwa mfululizo, hapo kuna shida. Na kama laptopu ni ya zamani yenye diski ya kuzunguka, mara nyingi kuibadilisha kwa SSD, diski ya chipu isiyozunguka, kutakusaidia kuliko kuongeza RAM, maana hata pale mfumo unapolazimika kuhamisha kurasa utangoja muda mfupi zaidi.

Aina nyingine ya upungufu ni programu inayovuja. Inaomba kumbukumbu na kusahau kuirudisha, na kiasi chake kinapanda saa baada ya saa bila wewe kufungua kitu kipya. Iandike asubuhi, iandike jioni. RAM ya ziada hapo inaahirisha tu. Dawa ni kuiwasha programu upya na kuipa sasisho. Kwa Chrome usimshtaki kivinjari kabla hujabonyeza Shift na Esc, ambapo kitakuonyesha kichupo gani ndicho kinachokula.

Ukishahakikisha ni RAM, rudi pale Performance, Memory, utazame upande wa kulia chini. "Slots used: 1 of 2" maana yake kuna nafasi wazi na unaweza kuongeza bila kutupa uliyo nayo. Angalia pia kama ni DDR3, DDR4 au DDR5, kwa kuwa haziingiliani, mkato wa kila moja uko mahali pake. Halafu soma palipoandikwa "Form factor". Ikiwa SODIMM, ni kipande kinachochomolewa, na fundi yeyote wa Moi Avenue ataibadilisha ukiwa umesimama. Ikiwa "Row of chips", RAM imechomelewa kwenye ubao mama kiwandani. Kwenye laptopu ya namna hiyo kiasi ulichonunua nacho ndicho utakachobaki nacho, isipokuwa ubao uwe na nafasi ya ziada, kwa hiyo nambari hiyo itazame dukani mashine ikiwa bado mkononi mwa muuzaji.